Mbea Aliponyamaza

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua yananiandama, na najua utacheka kwamba Pua kashikwa na mafua. Cheka tu. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie zile dawa ni za kumeza, si za kupambia kabati. Baba naye mwambie salamu zake za maneno mawili zimenifikia. "Mwambie mzima." Haya, nimeambiwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwenye simu husikii, na baba anasikia lakini akishasema "haloo" hana la kuongeza.

Dereva wa lori la mafuta atakukabidhi boksi dogo. Ndani yake kuna kifaa, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Mjomba, hicho nimekibuni mimi. Miezi kumi na minne hapa karakana, bosi akinicheka mpaka akachoka. Ninyi wasafisha matangi huko mna ile mashine kubwa ya kupimia gesi ambayo karani anaifungia kabatini. Hiki ni cha kuvaa kifuani, unaingia nacho ndani ya tangi. Nyuma ya kichujio kuna punje mbili ndogo kuliko ulezi, zinapashwa moto na betri. Moja inaunguza gesi, nyingine haiunguzi. Mvuke wa petroli ukiingia, ile ya kwanza inapata joto zaidi kuliko mwenzake, kifaa kinaona tofauti, kinapiga kelele na kutetemeka kifuani. Ninyi wawili pua zenu zilikufa zamani, mnanuka petroli hata harusini. Basi nimewatengenezea pua nyingine.

Kila asubuhi bonyeza kitufe chekundu. Kikilia, kizima. Avae baba, lakini ukitunze wewe, maana baba atakikalia.

Mpwa wako,
Pua


3 Machi

Mpwa wangu Pua,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Huku wote wazima. Mama yako dawa anameza, nimesimama mwenyewe mlangoni kuhakikisha. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pale tulipoziba mwaka jana, na aliyeziba ni mimi, kwa hiyo tuliache.

Kifaa kimefika. Ewe mtoto! Jumanne tumefungua tangi namba tatu, tumepuliza hewa kwa feni saa nzima, karani kaja na limashine lake, kapima pale mdomoni, kasema ingieni. Shemeji hajafika ngazi ya nne, kile kitu kikaanza. Mayowe! Baba yako alitoka mle mbio, kofia ikabaki ndani. Karani anasema haiwezekani, kapima tena, safari hii kateremsha mpira wa mashine mpaka chini. Gesi ilikuwa imelala kwenye tope huko chini inatusubiri. Nimekiita Mbea, maana hakina siri.

Kazi yangu unaijua, kukaa mdomoni mwa tangi na kamba. Nahesabu mpaka ishirini, navuta mara moja. Yeye kule ndani anajibu mara moja, maana yake niko salama. Akivuta mara mbili, maana yake nitoe. Miaka kumi na tisa kavuta mara mbili siku moja tu, suruali ilipomnasa kwenye bolti, na mpaka leo anakataa.

Nimemuuliza nikuandikie nini. Kasema, "Mwambie kinafanya kazi." Maneno matatu! Umepanda cheo. Ila usimwambie nimekwambia hili: anakionyesha kwa kila dereva anayeingia yadi, hata ambaye hakumuuliza. "Binti yangu huyo," anasema, halafu anaondoka kabla mtu hajaona macho yake.

Mjomba wako


26 Aprili

Mpwa wangu,

Hujajibu, najua una shughuli. Huku tupo. Mama yako anakusalimu, goti limetulia, sasa ni bega. Jirani yetu mshonaji kahama, nyumba imekuwa kimya.

Mbea anakula raha. Dereva alinipa chupa ya ile dawa ya kupuliza ya kung'arishia dashibodi. Basi kila asubuhi kabla ya kazi nampulizia, namsugua kwa kitambaa mpaka naona meno yangu ndani yake. Shemeji anasema ningemtunza mke wangu hivyo asingeondoka. Nimemwambia mke hakuwa na kitufe. Nabonyeza, analia, tunaanza kazi.

Ila siku hizi kapunguza umbea. Mwezi ule wa kwanza ilikuwa kila tangi makelele, tunatoka, tunapuliza upya, tunaingia. Sasa yapata wiki tatu kimya. Shemeji anasema katuzoea. Nimesema nikuulize wewe mwenye mali.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Hapa ni mbio tupu. Bosi amekikubali! Anataka vitengenezwe arobaini, na yadi yenu iwe ya kwanza kuvipata. Mwambie baba, halafu uniandikie amesema maneno mangapi.

Kunyamaza kwake ni dalili nzuri, ina maana mnapuliza hewa vizuri zaidi. Na hayo matunzo yako yamenichekesha mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Endelea hivyo hivyo, Mjomba.

Dereva ananipigia honi. Bega la mama likandwe na maji ya moto.

Pua


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimerudi kazini jana. Safari ilikuwa nzuri. Mama nimemwachia shangazi, lakini shangazi ana nyumba yake, naomba uwe unapita jioni.

Baba ana wiki tatu ardhini na mimi sijui amekufaje. Ninajua alikufa ndani ya tangi namba tano, kwa mvuke, ninajua wewe ndiye uliyemtoa. Hayo nimeambiwa na karani. Wewe hukuniambia kitu. Siku zote nilizokaa pale nyumbani, nikija ulipo unainuka kwenda kupokea wageni, hata pasipo na wageni. Siku ya kuondoka nilikushika mkono nikakuuliza kiko wapi kifaa. Ukaangalia viatu vyako, ukasema, "Dereva anakusubiri."

Nakuuliza kwa maandishi, kwa hiyo hakuna wa kutuangalia. Alikuwa amekivaa? Kililia? Kiko wapi?

Pua


28 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anaendelea. Jioni napita kama ulivyoniagiza. Bado anatoa vikombe viwili, kimoja anakiinamisha, halafu anakirudisha. Mimi najifanya nasoma gazeti. Paa nimeliziba tena, safari hii nimemwita fundi.

Kazini tumesimamishwa mpaka mwezi ujao. Nashinda nafagia yadi isiyo na taka.

Hicho kifaa hakionekani. Mambo yalikuwa mengi siku ile, watu wengi, pengine kimeokotwa. Usijisumbue nacho. Wewe kula, lala, fanya kazi yako. Baba yako hakupenda mtu wa kuulizauliza.

Mjomba wako


16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Hujawahi kunidanganya tangu nizaliwe, na unadanganya vibaya.

Vile arobaini vimekwisha kuundwa. Viko kwenye rafu nyuma yangu. Bosi anataka vitoke, na mimi kila siku namwambia ngoja kidogo, bila kusema nangoja nini. Kama kile cha baba kiliharibika, na hivi vimetoka mkono ule ule, basi ni vifua arobaini. Wana watoto hao watu, Mjomba. Kama kiko, nipe. Kama kilimuua baba, nipe vile vile.

Pua


8 Septemba

Mpwa wangu,

Kiko ndani ya boksi hili, nimekiviringisha kwenye shati lake la kazi. Kilikuwa chini ya godoro langu tangu siku ile. Hakuna aliyekiokota.

Alikuwa amekivaa. Hakikulia. Asubuhi nilibonyeza kitufe, kililia vizuri tu, nikamfunga kifuani kwa mikono yangu. Mle ndani hakikulia.

Nilikificha si kwa sababu ya kifaa chenyewe. Nilikificha kwa sababu ukikiona utauliza, na ukiuliza utafika kwenye kamba.

Tangu Mbea aje tuliacha kuvutana kamba, Pua. Shemeji ndiye aliyeanza, alisema namchelewesha, kila akiinamia tope namvuta, na si kuna Mbea? Lakini mshika kamba ni mimi, si yeye. Siku ile kamba nilikuwa nimeifunga kwenye ngazi. Nimekaa kivulini na karani, nakunywa chai, tunabishana mpira. Mimi nusu kiziwi niliyekaa kusikiliza kengele! Chai ilipoisha ndipo nikasema ngoja nimchokoze shemeji. Nikaenda nikavuta mara moja. Kimya. Nikasema ananifanyia utani. Nikavuta tena. Ilikuwa nzito, mpwa wangu, ile nzito ya kitu, si ya mtu.

Ningekuwa nahesabu ishirini zangu, ningejua mapema. Daktari kasema alikaa mle kama robo saa. Robo saa ina ishirini ngapi? Nimezihesabu. Kila siku nazihesabu.

Sasa unajua. Ukitaka nisikanyage tena kwa mama yako, sema.

Mjomba wako


1 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shati nimelipokea, nimelitundika nyuma ya mlango, sijalifua.

Kifaa nimekifungua. Nimekaa nacho siku sita. Ni waya. Waya mmoja ndani uliachia, niliuchomelea vibaya mimi mwenyewe. Ni mkono wangu. Kamba isingesaidia, ule mvuke unaangusha mtu hapo hapo. Kwa hiyo kamba iweke chini, nakuomba. Usiache kwenda kwa mama. Ukiacha, nani atajifanya anasoma gazeti?

Hivi arobaini nimevikagua waya mmoja mmoja, viko sawa. Vinakuja huko na lori. Nimemwomba bosi aandike kwamba mtunzaji wake ni wewe. Amekubali.

Pua


5 Novemba

Mpwa wangu, Pua yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, halafu nikalala mpaka karani akaja kunigongea. Tangu mwezi wa sita sijalala hivyo. Mama yako kaniona naingia, kasema leo una sura ya mtu. Waya ni waya, mwanangu, kila fundi waya umemponyoka siku moja. Mimi paa limeniponyoka mara mbili.

Vifaa vimefika, vyote arobaini, nimevipanga kabatini na funguo ninazo mimi. Karani ananuna. Jumatatu ya tarehe ishirini na nne wanaingia matangi mapya, timu nne.

Nataka ujue vimepata mtu wa kuvitunza. Nimemwagiza dereva chupa sita za ile dawa ya kung'arishia. Kila asubuhi nitavipulizia vyote, nitavisugua kama nilivyomsugua Mbea, kimoja kimoja. Kwa ajili ya shemeji. Mtu akikivaa ajue kimetoka mikononi mwa wenye uchungu.

Mjomba wako


22 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua leo umekasirika. Karani amekuja kukunyang'anya funguo mbele ya watu na hakukwambia kwa nini. Nilimpigia simu mimi, dakika ile ile niliyomaliza kusoma barua yako, na nilimkataza asikwambie kitu. Nilitaka ulisikie kwangu.

Keti, Mjomba.

Hakukuwa na waya. Nilikudanganya. Waya wote ulikuwa mzima.

Ile dawa ya dashibodi ina silikoni. Ndiyo inayofanya king'ae. Mvuke wake ukiingia kwenye kichujio unafika kwenye ile punje ya moto, unaungulia pale, unaacha utando mgumu kama glasi. Kila siku kidogo. Mwisho punje imefunikwa, gesi inapita, yenyewe haiungui tena. Kifaa kinaona hakuna kitu. Kinaandika sifuri mpaka mtu afe. Na kile kitufe chekundu nilichokwambia ubonyeze kinajaribu mdomo, hakijaribu pua. Kengele ilikuwa nzima kabisa. Aliyekufa ni yule wa kunusa, na mimi ndiye niliyeweka kitufe hicho nikaona kinatosha.

Nilidanganya kwa sababu ulishabeba kamba, nikaona ukiongezewa na hili utaanguka. Kisha ukaniandikia chupa sita.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Barua yako ya tarehe 26 Aprili iko hapa mezani. Uliniambia, Mjomba. Uliandika kwamba unampulizia dawa kila asubuhi, na chini yake, ukurasa ule ule, ukaandika kwamba kimenyamaza wiki tatu. Ukaniuliza mimi mwenye mali. Habari ya silikoni nilifundishwa darasani, nimeipigia mstari kwenye kitabu changu kwa kalamu nyekundu. Nilisoma barua yako nimesimama, huku natafuta skrubu iliyodondoka chini ya meza, dereva akipiga honi. Nikacheka. Nikaandika endelea hivyo hivyo.

Sikukuonya tangu mwanzo kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kukipenda kifaa kiasi hicho. Wewe ulimpenda. Mimi niliulizwa nikajibu vibaya. Baba alikuwa na wiki tatu nyingine za kuishi nilipoandika yale maneno.

Karani ana karatasi yangu. Hakuna dawa, hakuna mafuta, kitambaa kikavu tu. Kila asubuhi kila kifaa kipuliziwe gesi kidogo ya kujaribia, iko kwenye vichupa nilivyotuma. Kisipolia, kisivaliwe. Akishamaliza kukusomea, atakurudishia funguo. Nimemwambia hakuna mwingine.

Bosi nimemweleza yote. Amenipa likizo. Sina la kuongeza.

Pua


27 Januari

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Siku kumi za kwanza nilikukasirikia, si kwa ile endelea hivyo hivyo, kwa ule waya. Nililala vizuri kwa sababu ya waya ambao haukuwepo. Halafu hasira ikaisha nikabaki na kitambaa. Kile kitambaa cha njano nilichomsugulia Mbea. Nimelia, Pua. Nimelia bafuni na bomba likiwa wazi, kama mtoto, mama yako akaja akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikamwambia yote. Akatoa vikombe viwili, safari hii akavijaza chai vyote.

Chupa sita nimemrudishia dereva. Kila asubuhi napita na kichupa chako cha gesi, kimoja kimoja, puani. Juzi namba kumi na saba hakikulia. Nimebonyeza kitufe, kikalia. Nimepuliza gesi, kimya. Nimekitoa. Aliyepaswa kukivaa ni fundi bomba mmoja mnene, kapewa kingine, kaingia, katoka, jioni kaenda nyumbani kwake anapiga mluzi. Hajui kitu. Sikumwambia.

Na kamba tumeirudisha. Wanalalamika nawachelewesha. Walalamike.

Sasa wewe. Dereva amepita kwako mara tatu. Anasema mara mbili hukufungua, mara ya tatu ulifungua kidogo ukasema huna barua, ukafunga. Anasema shati liko nyuma ya mlango. Anasema umekwisha, na yule dereva si mtu wa kukuza mambo. Mama yako kakuandikia, hukujibu. Likizo gani ya miezi miwili?

Sitakuandikia kosa ni la nani. Tukianza kugawana hatutamaliza, na shemeji angeshatuacha tunabishana akaenda zake. Mimi kazi ninayoijua ni moja, na siku moja sikuifanya. Sitaki kukosa mara ya pili.

Kwa hiyo nimehesabu, na huu ni mvuto mmoja. Kama uko salama, nijibu mara moja. Kama hauko salama, unajua cha kufanya. Lori linarudi huku kila Alhamisi. Kamba iko mkononi mwangu, sijaifunga popote.

Mjomba wako


8 Februari

Mjomba,

Navuta mara mbili.

Pua